Tunasomea hisabati na ualimu kwa pamoja, lakini chuo chetu hakitaki viwili hivyo vikutane

Ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingineko,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira niliyoibeba tangu mwezi wa pili, na ninaomba mniwie radhi ikiwa maneno yangu yatakuwa marefu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa lisansi ya hisabati katika chuo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja kwa sababu bado ninataka kumaliza masomo yangu humo. Tulipojiandikisha tuliambiwa waziwazi kwamba programu yetu inatoa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: shahada ya hisabati, na haki ya kufundisha somo hilo katika shule za sekondari. Ni kwa ajili ya hilo la pili nilikataa ushauri wa wazee wangu, ambao walitaka nifuate mambo ya migodi kama kaka zangu. Niliwaambia kwamba ninataka kufundisha, na hata leo ninataka kufundisha.

Nianze na ratiba, kwa kuwa hapo ndipo tulipoumizwa kwanza. Kila mtu anajua kwamba vyuo vya nchi yetu ya Kongo viliingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na dokta, kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, na kwamba lisansi sasa ni mihula 6 yenye krediti 180, wakati zamani mtu alisoma graduwa miaka 3 na kuongeza lisansi miaka 2. Mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba chuoni kwetu hakuna mtu hata mmoja aliyekaa chini akaziweka karatasi mbili, ya idara ya hisabati na ya idara ya pedagojia, yaani ya ualimu, juu ya meza moja. Staji yetu, yaani mazoezi ya kufundisha, ilipangwa wiki 6, kila asubuhi, katika shule moja ya Katuba, mtaa wa hapa mjini. Katika wiki hizo hizo, na saa hizo hizo za asubuhi, mwalimu wetu wa aljebra alikuwa akifundisha nadharia ya makundi, akiita majina na kutoa interogasio, yaani majaribio ya darasani, mbili. Mwili wa mtu ni mmoja. Aliyekwenda Katuba aliandikiwa sifuri katika aljebra, na aliyebaki kwenye aljebra alitishiwa kufutiwa staji.

Tulikwenda kwa mkuu wa idara ya hisabati, akatujibu kwamba staji ni jambo la watu wa pedagojia. Tukaenda kwa watu wa pedagojia, wakatujibu kwamba hawana mamlaka juu ya masomo ya hisabati. Tulipanda na kushuka ngazi zile kwa siku nne, tukiwa 17, tukiwa na barua iliyotiwa sahihi na sote, na hakuna aliyekubali hata kuipiga muhuri kuonyesha kwamba ameipokea. Siku ya juri, walimu walipokaa kutangaza matokeo, zile sifuri zilisomwa kana kwamba tulikuwa tumelala nyumbani. Sasa tunadaiwa krediti hizo, na kurudia somo kunalipiwa. Mama mmoja tunayesoma naye, ambaye anauza makala, yaani makaa ya kupikia, katika soko la mtaa wetu wa Kenya hapa mjini ili ajilipie masomo, ameniambia kwamba huenda akaacha. Alifaulu analizi kwa alama ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezifikia.

Hata hivyo ratiba inaweza kurekebishwa kwa siku moja ikiwa kuna nia. Kinachoniuma zaidi ni kile nilichokiona darasani.

Nilipewa darasa la mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, yaani ule ambao wazazi wetu wanauita wa pili wa sekondari, lenye watoto 74. Siku ya tatu nilikuwa ninafundisha kuzidisha namba hasi. Niliandika kanuni ubaoni: hasi mara hasi ni chanya. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyanyua mkono, akauliza, «Mwalimu, nikiwa na deni, nikalizidisha kwa deni lingine, ninatajirika namna gani?» Watoto hawakucheka, kwa sababu wote walikuwa na swali hilo hilo. Na mimi, niliyemaliza aljebra ya mstari na topolojia, nilisimama na chaki mkononi bila jibu. Nilikuwa na uthibitisho. Ninajua kwamba (−3) mara (2 + (−2)) lazima iwe 0, kwamba sehemu ya kwanza inatoa −6, na kwa hiyo sehemu ya pili haina njia isipokuwa kuwa 6. Niliuandika. Nyuso 74 zilinitazama kama watu wanaosikiliza lugha ya nchi nyingine, na msichana yule akashusha macho yake. Nikawaambia waikariri kanuni. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja wa shule ile, mwenye diploma ya serikali peke yake, ile ya kumaliza sekondari, ambaye amefundisha hesabu Katuba kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alikuwa amesikia kutoka darasa la jirani. Saa ya mapumziko aliniita: «Mwanangu, usianze na mabano. Anza na ngazi.» Akaandika kwenye karatasi: −3 mara 2 ni −6, −3 mara 1 ni −3, −3 mara 0 ni 0. «Kila hatua jibu linapanda kwa ngapi?» Nikasema, kwa 3, Papa Mwalimu. «Sasa shuka hatua moja chini ya 0, uniambie −3 mara −1 ni nini, na usinitajie kanuni yoyote.» Kesho yake niliwaandikia watoto safu hiyo na kunyamaza, na ni msichana yule yule aliyetangulia kusema 3, kisha 6, kisha 9. Baada ya hapo niliurudisha uthibitisho wangu wa mabano, na safari hii wapo waliouelewa, kwa kuwa walikwisha kuona unakotaka kufika.

Ninauliza: kwa nini jambo hilo nilifundishwa kwa bahati, uani, na mtu ambaye chuo changu hakimlipi hata faranga moja, wakati chuo kilichopokea ada yangu kwa miaka mitatu hakikuwa na hata saa mbili za kulizungumzia? Masomo yetu ya hisabati hayagusi kabisa hesabu ya shuleni, kana kwamba ni ya kudharauliwa. Masomo yetu ya pedagojia yanafundishwa kwa pamoja kwetu, kwa watu wa historia na kwa watu wa baiolojia, na mfano tunaopewa ni ule ule kwa wote. Jambo hili si geni duniani. Felix Klein, mwanahisabati wa Ujerumani, alilieleza tangu 1908: kijana anaingia chuo kikuu na kukuta hisabati isiyofanana na ile aliyoiacha shuleni, kisha akiwa mwalimu anarudi shuleni na kuona kwamba ile ya chuo kikuu haimsaidii, basi anafundisha jinsi alivyofundishwa zamani. Mara mbili uzi unakatika. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu maneno hayo yaandikwe, na mimi nimeyathibitisha mbele ya watoto wa Katuba.

Sasa msikie jinsi nilivyopewa alama. Katika wiki 6 msimamizi wa chuo alikuja mara moja, akakaa dakika 20. Hakuwa mtu wa hisabati. Alichukua fishi yangu ya maandalizi, yaani karatasi ya mpango wa somo, akapima kama lengo la somo limeandikwa kwa kitenzi kinachotakiwa, kama «motivasio» (kuamsha hamu) imefuata baada ya «rapeli» (kukumbusha somo lililopita), kama kuna muhtasari na zoezi, na kama nimepiga mistari kwa rula. Siku hiyo nilikosea ishara moja ubaoni, mwanafunzi akanisahihisha, nikamshukuru. Msimamizi hakuliona kosa wala hakuiona shukrani. Nauli yake ya kuja na kurudi tulichangishwa sisi wanafunzi, juu ya ada ya staji ambayo tulikuwa tumekwisha kulipa, na asiyechanga aliambiwa kwamba hatafikiwa.

Wapo watakaoniambia kwamba ninapoteza nguvu, kwa kuwa hata nikimaliza nitaongezeka tu katika foleni ya walimu wapya wasio na malipo, wanaosubiri matrikule, ile namba ya kulipwa na serikali, huku wakiishi kwa michango ya wazazi, maana elimu ya bure iliyoanza 2019 ilikuwa ya shule za primeri na haikuzifikia shule zetu za sekondari. Ninajua. Ninajua pia kwamba katika mji huu kijana anayejua hesabu vizuri hufunguliwa mlango upesi kwenye kampuni za migodi. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu ambaye bado anachagua ubao na chaki angestahili kupokelewa kwa heshima kidogo.

Tunachodai hakihitaji fedha za wafadhili. Idara mbili zikutane kabla ya muhula kuanza na kutoa ratiba moja. Interogasio zilizofanyika tukiwa kwenye staji zirudiwe bila malipo, na zile sifuri zifutwe. Anayekuja kunisimamia nikifundisha hisabati awe anaijua hisabati, na nauli yake ilipwe na aliyemtuma. Na muhula mmoja, hata kwa krediti chache, tufundishwe hesabu ya sekondari yenyewe, kuanzia sehemu na namba hasi hadi milinganyo, na watu wanaoijua kutoka pande zote mbili. Mzee yule wa Katuba aalikwe, alipwe saa zake, na aitwe mwalimu mbele yetu.

Barua ya pili tumekwisha kuiandika, na Jumatatu saa mbili asubuhi tutaipeleka kwa sekretari mkuu wa masomo, sote 17, pamoja na nakala ya kubaki nayo. Ninamwomba yeyote aliyepitia staji mwaka jana au mwaka juzi, na ambaye bado ana karatasi ya ratiba yake au stakabadhi ya ile nauli, aiweke picha yake hapa chini kabla ya Jumapili jioni, ili tuiambatishe.