Tupeane uzoefu: mliojifunza kuanguka makusudi, mlifundishwaje?

Wakuu, salaam. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani, Tanga, mwaka wa tisa sasa. Riziki yangu kubwa inatokana na kuanguka. Naingia na sinia la vikombe, nateleza, chini puu! Ukumbi mzima unacheka. Watu hudhani ni kujitupa tu, kumbe mweleka huo mmoja niliufanyia mazoezi wiki tatu: kwanza kwenye godoro, kisha mkekani, mwisho sakafu tupu.

Mzee aliyenifundisha alianza na mikono. Usiitangulize. Ukienda chini, mkono unakimbilia wenyewe kudaka ardhi, na hapo ndipo kifundo kinapovunjika. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye harusi, niliutanguliza wa kushoto. Nilifungwa hogo wiki sita. Akaniambia pia niangukie nyama, nisiangukie mfupa: paja, kalio, mgongo upande mmoja, vipokezane kama gurudumu linavyozunguka, huku natoa pumzi.

Kilichonishinda muda mrefu ni macho. Ukiitazama sakafu kabla, mtazamaji ameshajua na hacheki tena. Nimeona vijana wa sarakasi wanaopinduka hewani bila kugusa kitu, lakini ukiwaambia wateleze kwenye ganda la ndizi hawawezi, kwa sababu mwili wao unajua kila kinachokuja. Kuanguka kwa mchekeshaji lazima kuonekane kumemkuta.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu wa Kimarekani aliyezaliwa 1895. Akiwa mtoto mdogo baba yake alikuwa akimrusha huku na huko jukwaani mbele ya watu, nguo yake imeshonewa mshikio wa begi mgongoni ili ashikike vizuri. Kwenye filamu zake Keaton hatabasamu hata kidogo. Leteni na zenu.

Mwanajudo, Unguja
Kwetu ndilo somo la kwanza, kabla hujamshika mtu. Linaitwa ukemi. Kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, na mkono mzima unapiga mkeka kwa kiganja wakati mgongo unafika, kishindo kigawanyike. Nilianguka mwezi mzima ndipo nikaruhusiwa kumwangusha mwenzangu. Mwanzoni nilinuna. Mwaka jana nimepaa kutoka kwenye baiskeli, nikajikuta nimekaa barabarani na kidevu kifuani, sina hata mchubuko.

Refa wa ligi ya mkoa
Naomba tutenganishe. Anayejiangusha kwenye boksi ili apewe penalti anaiba. Sheria ya 12 ya soka inampa kadi ya njano, na tangu 1999 imeandikwa waziwazi. Mimi naangalia miguu: aliyekwatuliwa kweli hujaribu kuokoa hatua, anayejirusha huikunja yote miwili hata kabla hajaguswa. Na mikono yake hupaa juu. Mchekeshaji anawapa watu kicheko, huyu anawanyang'anya wenzake jasho la dakika tisini.

Dada wa Uholanzi
Huku kuna kozi za kuanguka kwa wazee. Nilimpeleka mama mkwe, ana miaka 78, alikuwa haendi hata dukani kwa hofu. Wanapita juu ya vizuizi vidogo, wanafundishwa kugeuka ubavu na kubiringika kwenye magodoro, na namna ya kuinuka. Siku ya kwanza alikataa kabisa, akakaa kwenye kiti na mkoba wake mapajani. Wiki ya tatu nilimkuta chini, amelala chali na wenzake wanne, wanacheka hadi machozi. Sasa dukani anakwenda mwenyewe.

Kijana wa maigizo, Dodoma
Kaka, nimepewa kipande cha kuporomoka ngazini. Ngazi ni za saruji, nane. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi
Mdogo wangu, usianze na nane. Keaton mwenyewe mwaka 1924, wakati wa kupiga picha za filamu, alimwagikiwa na maji ya tangi, shingo ikagonga reli. Aliendelea na kazi, na miaka mingi baadaye ndipo daktari alipoona kwenye eksirei kwamba ilivunjika. Waambie ngazi zitengenezwe za mbao zenye uwazi chini, zinabonyea. Vaa kinga za magoti na viwiko ndani ya nguo. Anza na ngazi ya mwisho, moja tu, siku tatu. Halafu rudi hapa uniambie ni wapi pameuma.