Mrejesho: Faiba ya uzi mmoja, Nyegezi hadi Kirumba

Wakuu, niliuliza namna ya kutuma na kupokea kwa uzi mmoja wa faiba (uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga), baada ya wachimba mtaro kutukatia wa pili. Laini inapiga kazi, asanteni.

Tumefunga sakyuleta, kifaa cha milango mitatu kinachoelekeza mwanga, kila ncha: mlango wa 1 ni wa kutuma, wa 2 unaenda kwenye uzi, wa 3 ni wa risiva (kipokezi). Mwanga ukiingia mlango wa 1 unatokea wa 2, unaoingia wa 2 unatokea wa 3, haurudi wa 1. Ndani kuna sumaku inayozungusha mtetemo wa mwanga upande uleule, uende au urudi.

Aliyeshauri kigawanyaji cha nusu kwa nusu, kinachogawa mwanga mara mbili sawa, hapana mkuu: kinakula desibeli 3 (nusu ya mwanga) kila ncha, sakyuleta hula kama desibeli 1 tu (kama moja ya tano ya mwanga).

Ila futeni konekta! Vumbi likikaa mlango wa 2, mwanga wako unaakisiwa moja kwa moja kwenye risiva yako mwenyewe.