Fraterniti za Marekani: vibao ndivyo vilivyotufanya ndugu, au tumejidanganya miaka yote hii?

Wakuu habari zenu, naomba uzi huu tuuchangie kwa uzito maana kwangu ni jambo la nyumbani kabisa. Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuo huku Marekani, juzi kanipigia simu ananiambia baba nataka kuingia fraterniti yako. Ile ile niliyoingia mimi mwaka 1994. Mzee mwingine angeshangilia, mimi nilikaa kwenye gari pale pakingi ya kazini kama nusu saa nzima sijawasha.

Kwa wasiojua, fraterniti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, cha wanawake kinaitwa sororiti, vina majina ya herufi za Kigiriki na ukishaingia umeingia mpaka kufa, si mpaka umalize chuo. Kuna za wazungu zenye majumba yao makubwa, halafu kuna tisa za watu weusi (tano za wanaume nne za wanawake) na ndizo nazijua mimi. Alpha Phi Alpha ndiyo ilitangulia, vijana saba pale Cornell mwaka 1906, wakati mwanafunzi mweusi pale yuko mpweke kweli kweli, vyama vya wazungu havimtaki, wakaanza kukutana kusoma na kusaidiana ndipo chama kikazaliwa. Delta Sigma Theta ya akina dada ilizaliwa chuo cha Howard Januari 1913 na ilipofika Machi mabinti wale walishaingia barabarani Washington kuandamana wanawake wapewe kura. Martin Luther King na Thurgood Marshall (jaji mweusi wa kwanza Mahakama ya Juu ya Marekani) walikuwa Alpha, na Nkrumah huyu huyu wa Ghana aliingia Phi Beta Sigma alipokuwa anasoma Lincoln University. Kwa hiyo mtu asije hapa akasema ni vikundi vya walevi tu, historia yake ni nzito.

Sasa mjadala wenyewe. Kabla ya 1990 ukitaka kuingia ulikuwa unapledji, yaani unapitia kipindi cha kujaribiwa kabla ya kupokelewa. Mnapangwa laini, mfupi mbele mrefu nyuma, kila mtu na namba yake, wiki sita wiki nane mnatembea chuo kizima kwa mstari, nguo zinafanana, hamzungumzi na mtu wa nje. Mateso yalikuwepo, tena makubwa, lakini mlikuwa mnaonekana. Profesa anawaona, mama wa kantini anawaona na anajua huyu namba 4 leo anachechemea. Mwaka 1989 kijana akafa chuo cha Morehouse kwenye mambo hayo hayo, na 1990 vyama vikakubaliana kufuta kupledji kabisa. Ukaja utaratibu mpya, fomu, usaili, mafunzo ya siku chache, kiapo, kwisha.

Watu wakafikiri wamemaliza tatizo. Kilichotokea ni kwamba aliyeingia kwa fomu peke yake akaanza kuitwa "karatasi". Karatasi hasalimiwi vizuri, akienda chuo kingine anaulizwa maswali ya mtego kuona kama alipigwa au hakupigwa. Basi vijana wakawa wanafuata utaratibu mpya mchana na ule wa zamani usiku, tofauti ni kwamba sasa hakuna mtu mzima hata mmoja anayejua mko wapi.

Mimi niliingia katikati ya giza hilo. Chama sikitaji, chuo sikitaji. Tulikuwa saba, mimi namba 5. Nyumba ya kupanga ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, chumba cha chini, mashine ya kufulia pembeni wanaiwasha ili sauti zisitoke. Unashika njiti ya kiberiti inawaka, unataja alfabeti ya Kigiriki yote kabla moto haujafika kidoleni, ukikosea unaanza upya na njiti nyingine. Mpaka leo kidole gumba changu cha kulia kina alama. Halafu kibao, yaani ubao mnene wa mti mgumu umechongewa mpini, umeandikwa herufi za chama. Unainama, unashika magoti. Mwanzoni mwa mwaka ule ule kijana mwingine alikuwa amepigwa mpaka akafa kule Missouri, sisi tulisoma gazeti asubuhi na usiku tukarudi chini kupigwa. Hakuna aliyesema tuondoke. Mpaka leo najiuliza kwa nini.

Na la pili ni gumu zaidi kulisema. Mwaka 1995 kibao nilikishika mimi. Kuna kijana mwembamba, alikuwa ananifuata tangu muhula wa kwanza, ananiita kaka, mimi ndiye niliyemfundisha kutumia maktaba. Nilimpiga. Alikuwa anahesabu kwa sauti mpaka sauti ikakatika akawa anahesabu kwa midomo tu. Baada ya miaka mingi nilimtafuta nikamwomba radhi, akanyamaza sana kwenye simu halafu akasema wewe ndiye niliyekuwa nimekuamini. Hakuniambia amesamehe na sikumlazimisha.

Lakini jamani udugu ule ni wa kweli, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Namba 3 wetu alipofariki tulisafiri sita wote, kila mtu kutoka jimbo lake, tukasimama kuzunguka jeneza tumeshikana mikono, mama yake akatuhesabu mmoja mmoja kwa namba, alipofika yangu akaniita Tano. Nilipopoteza kazi namba 2 alinilipia kodi ya nyumba miezi miwili na hajawahi kunidai. Ukiniuliza udugu huu umetoka wapi nitakwambia haujatoka chini kwenye mashine ya kufulia. Umetoka saa kumi za alfajiri, tumerudi kwenye chumba changu watu saba wachovu, nina sufuria moja, nikasonga ugali wa unga wa mahindi wa dukani na zile kolad zao ambazo kwetu ni sukuma tu, namba 2 mtu wa Alabama akaonja akasema bibi yake hupika hivi hivi, tukala kwa mkono, namba 6 akalala amekaa na tonge mkononi. Wiki nane za kukaa hivyo, kusomeshana, kukopeshana soksi. Wangeondoa vibao vyote wakatuachia zile alfajiri, tungekuwa ndugu vile vile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mwaka 1990 walifuta kilichokuwa wazi wakaacha kilichofichika. Walichukua wiki nane za kuishi pamoja, kibao kikabaki. Ilitakiwa iwe kinyume chake.

Mimi nimepita jando kwetu upande wa Masasi. Tulichapwa kule pia, sikatai. Ila tuliyekuwa naye porini ni mlezi, mtu mzima mwenye watoto wake, kijiji kizima kinamjua. Mwenzetu alipopata homa mlezi huyo alimbeba mgongoni usiku mpaka zahanati, maana alijua kesho atakutana na mama wa yule mtoto kisimani. Chini ya ile nyumba yetu mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 22. Nani angetubeba?

Za wazungu nazo angalieni. Timothy Piazza, chuo cha Penn State, Februari 2017, umri miaka 19, alinyweshwa pombe usiku wa kukaribishwa akaanguka kwenye ngazi za chini ya nyumba, wenzake wakakaa naye mpaka asubuhi karibu saa tano ndipo wakapiga simu ya ambulensi. Kamera za nyumba zimerekodi yote. Watu wanasema ni ulevi, mimi naona ni kule kule kukosa mtu mzima, wale vijana waliogopa chapta (tawi la chama) kufungiwa kuliko walivyoogopa mwenzao kufa. Pennsylvania ikatunga sheria yenye jina lake 2018, na Desemba 2024 Biden akasaini sheria ya nchi nzima inayolazimisha vyuo kutangaza matukio haya hadharani. Hilo naliunga mkono mia kwa mia, angalau sasa mzazi ana pa kuangalia.

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu, asanteni, nijibu kidogo.

Kuna ndugu anasema bila maumivu kitu hakina thamani, mbona JKT watu wanapelekwa mchakamchaka na wanatoka marafiki wa kudumu. Kaka, JKT kuna afande ana jina, ana mkubwa wake, ukizimia kuna zahanati ya kambi. Na mchakamchaka mnakimbia wote, afande naye anakimbia pembeni anaimbisha. Kibao kina mpigaji na mpigwaji, hakuna hata siku moja wanaumia pamoja.

Ndugu yetu wa Kenya anasema zifutwe zote kama wanavyotakiwa kukomesha mambo ya mono (wanafunzi wapya kuonewa na wakubwa) kwenye mabweni kwao. Zipo shule zilizofuta kweli, Williams miaka ya 60, Bowdoin walitangaza 1997, yale majumba wakayageuza makazi ya wanafunzi wote na chuo kinaendelea vizuri tu. Lakini hivyo ni vyuo tajiri, mwanafunzi wao akimaliza ana mjomba benki. Mtoto wa mhamiaji au mtoto mweusi wa Kusini mjomba wake ndiyo hiki chama, hapo kazi anapata, wakili anapata, na siku ya msiba watu wanakuja. Ukikifuta umempa nini badala yake?

Mchango ulioniuma zaidi ni wa dada wa Texas aliyeingia sororiti kwa fomu, anasema hakuguswa na mtu ila miaka kumi baadaye hana hata mmoja wa kumpigia usiku, wanakutana kwenye picha na kwenye michango ya ada basi. Dada pole sana. Wewe ndiye ushahidi wa ninachosema, walikulinda na kibao ambacho ni haki yako, lakini wakakunyima ile sufuria moja. Hakuna sababu yoyote chama kishindwe kuwaweka watu wiki nane pamoja, kusoma pamoja, kufundisha watoto wa mtaani Jumamosi, na memba wa makamo akilala nyumba hiyo hiyo. Wazee wa chapta za mjini wapo wengi, wana kazi, wana magari. Wanakuja kwenye sherehe za stepu (ile ngoma ya vyama ya kupiga miguu na makofi) wamevaa rangi za chama, sasa waje na usiku.

Kijana wangu nimemwambia asijaze fomu mpaka nifike. Nitakaa na mshauri wa chapta ana kwa ana, nimuulize saa nane usiku nani anakuwa na hawa watoto, nataka jina na namba ya simu. Na kijana mwenyewe nitamsimulia yote, pamoja na yale ya 1995, hayajui bado. Namba 2 amesema anatoka Alabama tukutane huko huko.

Waliopitia, hasa mlioingia baada ya 2015, semeni kule kwenu usiku anakuwepo nani.