Tupeane uzoefu: vibali vya kazi vya wageni kwenye mashirika ya misaada

Mzee wa Mafaili

Wakuu, heshima kwenu. Niko upande wa rasilimali watu kwenye shirika moja la misaada, mkoa wa Kigoma. Wanaolalamikia vibali mara nyingi ni wageni wenyewe, tena kwa lugha zao. Sisi tunaobeba mafaili hatusikiki, kwa hiyo leo tusemezane.

Kwa asiyejua: kwa huku Bara, tangu ije Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mgeni anahitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kimoja hakifuti kingine. Kwenye vibali vya kazi, watu wa dini na hisani wana daraja lao, D. Kwenye ukaazi herufi zinapangwa kivingine kabisa, na hapo ndipo vijana wapya ofisini hupotea njia. Halafu sisi wa kambini tuna la tatu. Kuingia kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu lazima uwe na kibali cha Mambo ya Ndani, hata kama ni Mtanzania uliyezaliwa Kasulu.

Tulikuwa na mradi wa maji. Mfadhili anahesabu miezi tangu siku ya kusaini mkataba, yeye kibali hakimhusu. Mhandisi wetu, mama mmoja Mfaransa, akakwama kwao. Cheti cha chuo kiko kwa Kifaransa, kinataka tafsiri iliyothibitishwa. Tafsiri ikaja, kumbe jina la kwenye cheti ni la kwa baba yake, la kwenye pasipoti ni la mume. Haya, cheti cha ndoa nacho kitafsiriwe. Wakati huo pampu zimeshafika, zimelala kwenye kontena. Fundi wetu wa hapahapa akaanza kuzifunga, mama anamwelekeza kwa simu ya video, mtandao ukikata wanaendelea jioni. Mama alipotua Kigoma maji yalikuwa yanatoka bombani. Mshahara wa fundi haukuongezwa hata senti. Karibuni.

Binti wa Kibondo

Mkuu umenigusa hapo kwa fundi. Mimi ndiye yule anayeandikwa kwenye mpango wa urithishaji. Kwa wasioujua: mwajiri anapomwombea mgeni kibali, anatakiwa aonyeshe Mtanzania gani atarithi ujuzi na kwa utaratibu gani. Basi kwenye karatasi mimi nimeshakuwa mrithi wa mabosi kadhaa. Kila anapokuja mpya naitwa nisaini, picha ya pasipoti nimeshaiweka kabisa kwenye droo. Mgeni akimaliza muda wake, nafasi "inafanyiwa mapitio", inabadilishwa jina, na anayekuja ni mgeni mwingine mwenye cheo kipya. Nami nasainishwa tena.

Sisemi wote ni hivyo. Kuna Mkenya mmoja alinikalisha chini akanifundisha bajeti yote ya mradi, mpaka namna ya kujibu maswali ya wakaguzi. Lakini yeye ni hulka yake tu, ule mpango alikuwa hata hajausoma.

Odhis wa Juba

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwenu mnamwona Mkenya kama bosi, njooni muone Sudan Kusini. Kule Mkenya ndiye mgeni. Nimefanya kazi ya lishe Juba na Bor. Mwaka 2014, mwezi wa tisa, ulitoka waraka kwamba mashirika, benki na hoteli ziwaachishe kazi wageni na kuajiri wenyeji. Ulizua kelele, serikali ikaanza kuufafanua upya, lakini sisi tulikuwa tumeshapaki. Kisha Machi 2017, njaa ikiwa imetangazwa rasmi sehemu za jimbo la Unity, ada ya kibali kwa mtaalamu ikapandishwa hadi dola 10,000. Kabla ya hapo ilikuwa kama dola 100! Baadaye waliisimamisha. Ila jamani, hebu fikiria pesa hiyo inanunua maboksi mangapi ya lishe ya watoto.

Na bado niwe mkweli, kijana wa Juba mwenye digrii anayeniona nashuka kwenye ndege kuja kufanya kazi anayoiweza, ana hoja. Ningekuwa yeye ningekasirika pia.

Muuguzi Mkongomani

Naomba niseme kidogo. Watu wote hapa wanaongea juu ya mgeni anayekuja na ndege. Sisi wengine tulivuka ziwa. Niko muuguzi wa diploma, nilisomea Bukavu, na kambini nafanya kazi pamoja na wauguzi Watanzania, zamu moja, wodi moja. Wao wana mshahara, mimi ni mkimbizi, napewa posho. Sheria hiyo mliyoitaja ina daraja la wakimbizi, E, mimi nimeisoma. Lakini ili niombe lazima mwajiri anitake kwa mkataba, na mwajiri gani atasumbuka wakati posho inamtosha?

Mzee wa Mafaili

Ndugu yangu muuguzi, hilo silipingi. Bajeti zinaandikwa tayari zikiwa na mstari wa posho za wakimbizi, hakuna anayeuliza.

Mangi wa Soweto, Moshi

Mimi nauliza la chini kidogo. Kuna kituo cha watoto yatima jirani yangu, wanakuja vijana wa Ulaya kujitolea wiki tatu, nne, kwa viza ya utalii. Wanasema kwa vile hawalipwi haiwahusu. Ni kweli?

Mzee wa Mafaili

Mangi, si kweli. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria, uwe unalipwa au unalipa mwenyewe kuja. Waambie wenye kituo waanze kuomba kabla kijana hajakata tiketi. Na barua ya maombi itaje kazi yenyewe: anafundisha nini, darasa gani, chini ya nani. Ile ya "atasaidia shughuli mbalimbali" ndiyo inayorudishwa.

Mangi wa Soweto, Moshi

Ahsante mkuu. Barua yao nimeiona, imeandikwa hivyohivyo neno kwa neno. Nawapelekea hii kesho.