Priampu ya fono ya valvu: Tube Box S2, kiboksi cha bei poa au ya fundi?

Sahani45:
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Marehemu mzee kaniachia santuri kama mia mbili, nyingi zile ndogo za 45, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Moro Jazz ya Mbaraka, nimeziosha zote kwa mkono moja moja. Tantebo ipo, katriji (kile kichwa chenye sindano) ni AT-VM95E, ampu ya transista haina tundu la fono yaani la tantebo kwa hiyo priampu ya kukuza sauti kabla ya ampu ni lazima na nimepania iwe ya valvu, zile chupa za kioo za kukuzia sauti. Nina machaguo matatu, Pro-Ject Tube Box S2, au kiboksi cha mtandaoni cha bei poa kina valvu mbili zimechomoza juu, au kuna fundi hapa Tanga anaunda mwenyewe kwa valvu tatu aina ya ECC83. Ipi itaendana na vyombo vyangu?

FundiValvu:
Mkuu anzia kwenye katriji, valvu baadaye. Hiyo VM95E ni MM (sumaku ndo inayocheza), inatoa milivolti 4, ukizikuza desibeli 40 yaani mara 100 unapata volti 0.4, ampu yako imeshiba. Ungekuwa na MC (koili ndo inayocheza) kama Denon DL-103 inayotoa milivolti 0.3 tu hapo ungehitaji desibeli 60 na valvu zikivutwa hadi huko unaanza kusikia shiii, ndo maana wengi wanaweka trafo ndogo mbele. Kwako hilo halipo.

Sasa kiboksi. ECC83 inafanya kazi yake vizuri ikipata volti 200 kwenda juu, ukikuta chombo kinatumia adapta ya volti 12 na ndani hakuna saketi ya kuupandisha umeme ujue kazi yote ya RIAA, yaani kurudisha besi iliyopunguzwa na kushusha sauti za juu zilizopandishwa wakati santuri inakatwa, inafanywa na aisii (chipu), valvu zipo mwishoni zinawaka tu. Sisemi sauti itakuwa mbaya, ila usilipie taa ukidhani umelipia valvu.

IlalaSpika:
Mimi nina kiboksi cha hivyo mwaka wa pili na nakipenda kwa kweli. Shida yangu ilikuwa mvumo, mmmmm muda wote, nikigusa mkono wa tantebo unapungua nikiachia unarudi. Kumbe kale kawaya kembamba ka ethi kutoka kwenye tantebo sikukafunga kwenye skrubu ya priampu na pia nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya trafo ya ampu. Nikafunga waya, nikaisogeza pembeni kama nusu mita, kimya. Kabla hujalaumu valvu angalia hayo mawili.

MamaSanturi:
Kaka zangu kuna kitu mmeruka, kapasitansi, yaani kiasi cha umeme ambacho waya na saketi vinahifadhi, hupimwa kwa pikofaradi. VM95E inataka pikofaradi 100 hadi 200, basi. Waya wa tantebo peke yake unaweza kula 100 au zaidi, na ECC83 kwenye mlango wa kuingilia inaongeza nyingine kama 100 kwa tabia yake yenyewe, hata kama fundi hajaweka kapasita yoyote. Mimi ilinikuta, herufi "s" ya mwimbaji ilikuwa inakwaruza sikio nikadhani sindano imeisha, nikanunua mpya na bado. Nilipobadilisha waya nikaweka mfupi wenye kapasitansi ndogo sauti ikalainika siku hiyo hiyo. Sahani45 muulize huyo fundi, mlango wake ni pikofaradi ngapi na ukinzani wa kilo-ohmu 47 unaotakiwa na katriji ya MM upo? Akikushangaa chukua Pro-Ject.

FundiValvu:
Dada umenena. Na muulize ECC83 ya tatu anaifanyia nini. Kama ni ya kutolea sauti kwa mtindo wa kathodi (sauti inatokea kwenye kathodi ya valvu ili iweze kusukuma ampu), kama ilivyo priampu ya EAR 834P iliyobuniwa na Tim de Paravicini, sawa. Bila hiyo ampu yenye mlango wa kilo-ohmu 10 itaikaba, besi itapotea na sauti itakuwa ndogo. Halafu hizo ni volti 250 mpaka 300 jamani, ukishazima kapasita bado zimebeba umeme, usifungue kifuniko.

Sahani45:
Nimetoka kwa fundi. Nilibeba santuri moja ya mzee na ampu yangu. Kilo-ohmu 47 ipo, kapasita ya ziada mlangoni hajaweka, na valvu ya tatu ni ya kutolea kama alivyosema FundiValvu. Tukagonga kila valvu na ncha ya penseli huku spika zimewaka, kuona kama kuna inayopokea mtikisiko, moja ikalia tiing kama kengele, akaitoa akaweka nyingine, hiyo ikanyamaza. Kapasita ameziwekea rezista za kumwaga umeme, nilimuona akipima na mita baada ya kuzima. Mikwaruzo ya santuri ipo vile vile, valvu haijaificha, ila gitaa la pili ambalo kwenye simu huwa silisikii kabisa lilikuwa pale kushoto linajibu la kwanza. Nimemwachia nusu ya hela. MamaSanturi huo waya mfupi uliupata wapi, Kariakoo au uliuunga mwenyewe?

MamaSanturi:
Niliuunga mwenyewe, sentimita 60. Njoo inboksi nikutumie picha.