Mjadala: Mbuddha anayetaka kusaidia wahitaji ng'ambo, apande ndege au atume nauli?

MTOA MADA: Wakuu, kuna wafuasi wa Buddha wanaolipa nauli na ada kwenda nchi ya mbali wiki mbili, kufundisha watoto au kujenga darasa. Je, hiyo ni dana, yaani utoaji, au ni kuutuliza moyo wa mtoaji? Msimamo wangu: kama huna ujuzi unaokosekana kule, baki, nauli itume.

MCHANGIAJI 1: Napinga. Vinaya, kanuni za watawa, inamtaja mtawa aliyekuwa anahara, amelala kwenye kinyesi chake, wenzake wamemwacha. Buddha alimmwagia maji kwa mkono wake, Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, akamwosha, kisha wakambeba, mmoja kichwani mwingine miguuni, hadi kitandani. Buddha akasema anayetaka kumhudumia yeye, amhudumie mgonjwa. Kuna kazi ambayo hela haiwezi kuifanya.

MTOA MADA: Sawa mkuu, ila endelea kusoma palepale. Zinafuata sifa tano za muuguzi: ajue kuandaa dawa; ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, hiki akiondoe, kile akilete; ahudumie kwa upendo, asitafute faida; asione kinyaa kwa mkojo, kinyesi, makohozi wala matapishi; ajue kumtia moyo kwa mafundisho, kwa wakati wake. Ujuzi umetajwa kabla ya upendo! Mgeni wa wiki mbili asiyejua lugha atajuaje kinachofaa? Na ukuta anaoujenga, fundi wa pale angeujenga na kulipwa.

MCHANGIAJI 2: Madhara makubwa yako kwenye vituo vya yatima. Cambodia ni nchi ya Wabuddha, na watoto wengi wa vituo vyake wana mzazi aliye hai. Mgeni anayelipa ili akae na yatima ndiye anayewapa wenye vituo sababu ya kuwatoa watoto kwao. Mtoto anamzoea, siku ya 14 anaondoka, anakuja mwingine. Buddha alisema mtu mwema hutoa bila kujiumiza wala kuumiza wengine. Kwa hiyo ukiulizia kituo, uliza mawili: mnamdai mgeni cheti cha polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu? Mna mpango wa kurudisha watoto kwenye familia? Jibu likiwa hapana, usiende.

MCHANGIAJI 1: Hilo nakubali kabisa. Lakini msifunge mlango wote. Tzu Chi, taasisi ya misaada ya Wabuddha iliyoanzishwa na mtawa Cheng Yen huko Hualien, Taiwan, mwaka 1966, ilianza na akina mama wa nyumbani waliodunduliza senti 50 kila siku ndani ya kipande cha mwanzi. Leo watu wake hujilipia nauli, hukabidhi msaada kwa mikono miwili, huinama na kumshukuru anayepokea. Baada ya kimbunga Idai, Msumbiji 2019, walifanya kazi na wajitoleaji wa hukohuko. Hapo mgeni hampokonyi mtu kazi.

MCHANGIAJI 3: Mnasahau hali ya anayekwenda. Buddhaghosa, mwanazuoni wa kale wa Kibuddha, aliandika kwamba adui wa mbali wa huruma ni ukatili, na adui wa karibu ni huzuni. Huyu wa karibu ndiye hatari, maana anafanana na huruma. Mtu akilia kila jioni kambini, wenyeji wanaacha shughuli zao wambembeleze. Ajipime kwanza: amhudumie mgonjwa wa jirani miezi mitatu, kuosha na kulisha, bila picha.

MTOA MADA: Miezi mitatu naiunga mkono. Ila akifaulu, kwa nini asiendelee na jirani huyohuyo?