Fundi uliyeficha BOINC kwenye kompyuta za steshenari Ng'ong'ona: umeme ule ni wa nani?

Wakuu, habari za mchana. Nina hasira na sitaificha.

Hapa Dodoma kuna mafundi wakipewa kompyuta za watu waweke Ubuntu, wanaondoka wameacha na BOINC ndani, programu ya kujitolea inayoazima nguvu ya kompyuta kupiga hesabu za watafiti, imeunganishwa na akaunti zao wenyewe. Mwenye mali haambiwi kitu. Wanaweka boinc-client peke yake, bila ile Manager yenye madirisha, kwa hiyo kwenye skrini huoni dalili yoyote. Mashine ikiwaka, nayo inaamka.

Dada yangu ana steshenari Ng'ong'ona. Kila siku analia LUKU inaisha haraka na feni zinanguruma hata dukani hakuna mteja. Fundi huyohuyo akamwambia ni vumbi la Dodoma na joto. Vumbi! Nimefika, nikaandika top kwenye terminali, nakuta prosesa zimejaa asilimia 100, kazi za Rosetta@home, mmoja wa miradi ya utafiti inayopitia BOINC. Kompyuta haiwi nzito kwa sababu kazi hizo zinaendeshwa kwa kipaumbele cha chini kabisa, nice 19. Ukianza kuchapa barua zinakupisha. Mteja hajui, dada hajui, mita ndiyo inayojua.

Pigeni hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani ikikamuliwa hivyo inaweza kula wati 60 zaidi ya inavyokula ikikaa bure. Kwa saa 24 ni uniti 1.44. Pale dukani ziko sita na usiku hazizimwi. Ni zaidi ya uniti nane kwa siku, kwa mwanamke anayetoa fotokopi za wanafunzi!

Ili nijue ni akaunti ya nani, nikaandika boinccmd --get_project_status. Ikanikatalia, "Authorization failure: -155", mpaka nilipoingia kwa sudo kwenye /var/lib/boinc-client, lilipo faili la gui_rpc_auth.cfg. Jina la akaunti ya fundi likatokea, na pointi zote alizopewa kwa kazi hizo. Nikampigia. Jibu lake: "Kaka, hii ni sayansi, hakuna aliyeibiwa."

Mdogo wangu, mimi ni mtu wa BOINC tangu enzi za malariacontrol.net, mradi wa watafiti wa Basel, Uswisi, waliokuwa wakipiga hesabu za maambukizi ya malaria mpaka ukafungwa 2016. Rosetta naiheshimu, imetoka maabara ya David Baker, aliyepata Nobel ya kemia 2024. Ndiyo maana imeniuma. Anayejitolea anatoa chake. Sheria za miradi hii zenyewe zinasema uendeshe kwenye kompyuta zako tu, au kwa ruhusa ya mwenyewe. Jimbo la Georgia, Marekani, fundi wa chuo aliyeweka programu ya distributed.net, mradi mwingine wa kuchangia nguvu ya kompyuta, kwenye mashine za chuo alifunguliwa mashtaka ya jinai. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2002. Na yeye alikuwa akichangia tu.

Ungemwomba dada, angekupa hata mashine moja. Unaandika global_prefs_override.xml, unapunguza max_ncpus_pct (asilimia ya prosesa itakazotumia), unapanga saa za kuanza na kumaliza, unamalizia na boinccmd --read_global_prefs_override. Kazi ya dakika chache.

Kazi zile sikuzikata ghafla, maana watafiti hawana kosa. Niliipa kila mashine amri ya nomorework, yaani isichukue kazi mpya, nikaziacha zimalize zilichoshika, uniti za usiku huo nimelipa mimi. Kisha detach, kuiondoa kwenye mradi, kisha sudo systemctl disable --now boinc-client, isiamke tena.

Fundi, uzi huu utauona. Peleka hela ya umeme dukani, na uwaambie wateja wako wengine kabla sijawafikia mimi.

Na wewe mwenye steshenari, cafe au ofisi uliyewekewa Ubuntu na fundi: fungua terminali, andika systemctl status boinc-client. Ikisema active na hukuombwa ruhusa, njoo useme hapa.